Ruzuku ya mafuta tuliiona, gololi za baiskeli je?

Kila mwezi EWURA ikitangaza bei za mafuta, nchi nzima inaongea. Mwaka 2022, bei zilipopaa baada ya vita ya Ukraine kuanza, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi Juni ili kupunguza makali. Sawa kabisa, maana mafuta yakipanda hata nyanya zinapanda. Lakini jamani, mtu wa baiskeli mbona hatajwi? Muuza mkaa, muuza maziwa, muuza samaki, injini yake ni miguu, na gharama yake ni vipuri. Leo nachukua kipuri kimoja tu: gololi za kwenye pedeli.

Pale chini ya fremu, kati ya mikono miwili ya pedeli, kuna ekseli inayozungukia kwenye gololi. Kwa Phoenix na ndugu zake kwa kawaida ni gololi 11 kila upande, jumla 22, za robo inchi. Maji na vumbi vikiingia, grisi inakwisha, chuma kinasaga chuma. Utasikia kra-kra, na mkono wa pedeli unacheza. Ila kabla ya kulaumu gololi, hakikisha pini inayobana mkono haijalegea.

Hapa ndo hela inapoliwa. Fundi mwingine hata hajafungua anakwambia: "Hii badilisha seti nzima." Si lazima! Afungue upande wa kushoto, atoe ekseli, afute grisi chafu, mwangalie wote. Njia ya gololi kwenye ekseli na kwenye vikombe ikiwa laini na inang'aa, weka gololi mpya 22 na grisi mpya, basi. Ikiwa na vishimo, gololi mpya hazitadumu. Hapo nunua ekseli au kikombe kilichoharibika, si vyote. Usichanganye gololi mpya na za zamani. Zilizolika zimepungua, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na zile mpya, nazo zinawahi kufa. Kikombe cha kulia kama ni kizima kifutwe hapo hapo kilipo, maana kwa baiskeli nyingi za aina hii kinafunguka kinyume na kawaida, na ukilazimisha unaharibu fremu. Mwisho kaza mpaka ekseli isicheze, lakini izunguke bila kukwama.

Sasa kuna jambo ambalo fundi hawezi kulimaliza. Gololi ya chuma kisichokomazwa vizuri inalika haraka, halafu inakula na ekseli. Kwa macho huijui, unaijua ukiwa njiani na magunia mawili ya mkaa. Rahisi huvunja upishi. Mwenye gari akiumia anasikika redioni. Huyu akilala siku moja, nyumbani hawali, na hakuna anayejua.

Kwa mtazamo wangu, mtu wa baiskeli haombi ruzuku. Anaomba TBS wapime ubora wa vipuri vyake kama vinavyopimwa vitu vingine, na FCC wakisaka bidhaa bandia wakumbuke na maduka ya baiskeli. Kipuri kidogo si sababu ya kukidharau, wanaokitegemea ni wengi.

Haya, uwanja ni wenu. Huko kwenu gololi zinadumu muda gani? Mafundi mliomo humu, tupeni darasa.