D tatu si kosa la jinai

Leo nilitaka kuandika habari za boom, lakini nimebadilisha mada maana nina hasira.

Jana usiku mdogo wangu kanipigia simu kutoka Kasansa. Kamaliza form four na D ya Biolojia, D ya Kemia, D ya Fizikia na C ya Kiswahili. Anataka kusomea utabibu, lakini fomu hajajaza. Sababu? Jamaa mmoja wa chuo, msomi mwenzetu kabisa, kamwambia, "Dogo, udaktari si wa vilaza, kalime mpunga." Akaniuliza: "Dada, kweli nisijaribu?"

Haya, tuongee ukweli. Mwongozo wa NACTVET kwa stashahada ya utabibu unataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D, yakiwemo hayo matatu ya sayansi. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza tu. Dogo ana sifa. Aliyemfungia mlango si serikali, ni mdomo wa msomi.

Na hiyo D ni maksi 30 mpaka 44. Kaipataje? Shule yake siitaji, ila mwalimu wa Kemia walimpata wakiwa form three, na "practical" walifanyia ubaoni kwa chaki. Sisi tunaosomea ualimu tujiulize: hapo kilichopimwa ni mtoto au shule?

Najua mtasema, "Utakubali mtu wa D akuchome sindano?" Sikubali! Nitakubali tabibu aliyekaa darasani na wodini miaka mitatu akafaulu. D inamfikisha getini tu. Ndani atapimwa upya, akizembea atadisco kama wenzetu wanavyodisco hapa.

Halafu msidharau kada hizi. Tanzania ilianza kufundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963, watu waliokuwa wakipanda kutoka utabibu. Marekani walianza ya kwao mwaka 1965 pale Duke, na leo vyuo vyao vingi vinataka GPA ya 3.0 kati ya 4, hivyo na huko wenye GPA ndogo wanahangaika vilevile. Mwaka 2009 ukatoka utafiti wa hospitali za Mwanza na Kigoma: madaktari wasaidizi walifanya angalau asilimia 85 ya upasuaji mkubwa wa uzazi, na matokeo yao hayakupishana kwa maana na ya madaktari wenye digrii. Kigoma ni jirani zetu, siyo Ulaya.

Kutoka Kasansa kwenda Mpanda unakatiza Hifadhi ya Katavi. Mama akishikwa uchungu usiku, hatauliza tabibu alipata ngapi Fizikia. Atauliza, yupo?

Nyani haoni kundule. Humu tumejaa wenye sapu na GPA za kuomba Mungu, halafu tunamcheka mtoto wa D tatu!

Nimemwambia ajaze fomu, achague vyuo zaidi ya kimoja. Akikosa, arudie Kemia na Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, aombe tena. Hela ya fomu naitoa mimi boom likiingia. Viatu vyangu vitasubiri.

Haya, nalala, kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Wewe uliyemwambia akalime, kama unasoma hapa, mpigie simu umwombe radhi.