Chanda Kishone, Pete Avae Mwingine?

Mamangu mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa akishona kofia za vito. Wasomaji wa pwani hawana haja ya kuelezwa kazi hiyo. Ni kazi ya miezi. Kitambaa cheupe huchorwa maua, kisha hutobolewa tundu baada ya tundu, na kila tundu huzungushiwa uzi mpaka likakaza. Alikuwa akikaa uani baada ya alasiri, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni, na kofia ikimalizika huja mnunuzi akaichukua kwa bei aliyoikata mnunuzi mwenyewe.

Siku moja nilikwenda kutazama maonyesho ya kazi za mikono katika mji mmoja wa pwani hii yetu. Ndani ya kabati la kioo nikaiona kofia yake. Sikubahatisha, maua yale yalikuwa yake, na hapakuwa na mwingine aliyeyachora namna ile. Chini yake palikuwa na kikaratasi chenye jina la mtu, nalo ni jina la yule mnunuzi. Nilirudi nimefura, nikamweleza. Akacheka, akasema, “Mwanangu, mimi uzi wangu naujua. Waache wasome walichokiandika.” Akaendelea kushona.

Yeye alisamehe. Mimi sijasamehe hata leo, na hivi karibuni nimezidi kutosamehe baada ya kusoma habari za wanawake wa Marekani na mifarishi yao. Kisa chao na cha mamangu mkubwa ni kimoja, ila bahari iliyo kati.

Mfarishi, kwa vijana wasioukumbuka, ni tandiko la vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja, na mara nyingi katikati pametiwa pamba. Huko Marekani wanawake walizoea kuushona uso wake kwa viraka vilivyokatwa sawasawa, miraba na nyota, kila kimoja mahali pake. Kisha mwaka 1876 yakafanyika maonyesho makubwa ya kimataifa katika mji wa Philadelphia, ambayo milango yake iliingiwa karibu mara milioni 10. Miongoni mwa vilivyostaajabisha watu ni vyombo na michoro ya Wajapani, ambao hawakuona lazima upande wa kulia ufanane na wa kushoto. Wanahistoria wengi husema hapo ndipo ulipopata nguvu mtindo ulioitwa mfarishi wa wazimu, uliovuma mno katika miaka ya 1880.

Wazimu wenyewe ulikuwa na akili nyingi. Mshonaji alichukua vipande vya hariri na mahameli, kila kimoja na umbo lake kama vigae vya chungu kilichovunjika, akavipanga juu ya kitambaa cha chini bila ya mstari ulionyooka. Kisha kila mshono akaufunika kwa nakshi ya uzi wa rangi, na juu ya viraka akatarizi maua, vipepeo, pepeo za Kijapani, hata utando wa buibui. Kiraka hiki chatoka katika gauni la arusi, kile katika tai ya marehemu baba. Mfarishi huo haukuwa wa kujifunika usiku wa baridi. Ulitandazwa sebuleni wageni wauone. Na wengi wa wanawake hao walitarizi humo herufi za majina yao na mwaka wa kazi.

Sasa tazama maajabu. Hariri nyingi ya zama zile ilitiwa chumvi za madini viwandani ili iongezeke uzito, na chumvi hizo huila. Leo katika majumba ya makumbusho hariri hiyo inapasuka na kumomonyoka yenyewe, hali ya kuwa nakshi ya uzi mara nyingi ingalipo. Kitambaa cha fahari kimekwisha na jina la mwanamke limebaki. Hilo ni funzo la kwanza.

Funzo la pili ni la Harriet Powers, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani mwaka 1837 katika jimbo la Georgia. Mfarishi wake haukuwa wa wazimu. Ulikuwa wa picha, vitambaa vilivyokatwa sura za watu na wanyama vikashonwa juu ya kitambaa kingine, na ndani yake mna Adamu na Hawa, Habili na Kabili, na ndoto ya Nabii Yaakubu. Mwaka 1886 uliwekwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia. Mwalimu mmoja wa uchoraji, Jennie Smith, akautamani, lakini mwenyewe hakutaka kuuza. Miaka michache baadaye dhiki ikambana. Akataka dola 10, akapewa dola 5. Alipokwisha kuuza alikuwa akirudi mara kwa mara kwa yule mnunuzi kuutazama mfarishi wake.

Bei ile ilikuwa ya kumuumiza mtu, wala siitetei. Lakini Jennie Smith alifanya jambo moja ambalo wanunuzi wetu hawalifanyi. Alimwuliza mshonaji maana ya kila picha, akaandika maelezo yake, na akaandika ni kazi ya nani. Kwa hiyo leo mfarishi huo umo katika makumbusho ya taifa mjini Washington, na wa pili umo katika makumbusho ya sanaa ya Boston, na yote miwili yajulikana ni ya Harriet Powers. Kazi za mabibi wangapi wengine waliotoka utumwani zimekunjwa makabatini, na chini yake pameandikwa kwamba mshonaji hajulikani?

La tatu ndilo baya. Mwaka 1933 kulikuwa na maonyesho ya dunia mjini Chicago, na kampuni ya Sears ikatangaza mashindano ya mifarishi. Ilikuwa miaka ya njaa na ukosefu wa kazi, na zawadi ya kwanza ni dola 1,000. Mifarishi ipatayo 24,000 ikaletwa. Aliyeshinda ni mwanamke wa Lexington, Kentucky. Jina lake silitaji, lilikwisha tajwa la kutosha. Mfarishi wake ulipelekwa hata kwa mke wa Rais, Bibi Eleanor Roosevelt. Kumbe hakuushona yeye! Waliushona wanawake aliowaajiri, ingawa kanuni zilitaka kila mtu alete kazi ya mkono wake. Wao hawakupata sehemu katika zawadi, na walinyamaza kwa sababu walizihitaji zile kazi za kushona. Ilipita miaka 60 hata watafiti wawili, Merikay Waldvogel na Barbara Brackman, wakatoa kitabu mwaka 1993 kilichokieleza kisa hicho kinagaubaga.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema: washonaji walilipwa ujira wao, wadai nini tena? Namjibu kwamba ujira ni wa kazi, na jina si bidhaa iliyokuwamo katika mauzo. Anunuaye kofia amenunua kofia. Hakununua kuwa yeye ndiye aliyeishona. Na aliyenyamaza kwa kuogopa kukosa unga wa kesho, usiseme ameridhika.

Wa pili atasema mtaji na soko vyatoka kwa mfanyabiashara, naye pia ana haki. Kweli, anayo. Na aandikwe kuwa yeye ndiye aliyeileta. Hakuna amkatazaye.

Wa tatu ni wa kwetu, naye atasema si heshima jina la mwanamke kutundikwa hadharani. Huyu namwuliza: Mwana Kupona binti Mshamu amekuwa akitajwa pwani nzima zaidi ya miaka 100 kwa utendi aliomtungia binti yake, ni nani aliyepata kuona hiyo ni aibu? Na tulipokuwa chuoni tulifunzwa kwamba hadithi haipokelewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani kwenda kwa nani. Katika sanadi hizo Bibi Aisha hutajwa kwa jina lake. Ikiwa elimu ya dini yenyewe haioni haya kumtaja mwanamke aliyeipokea, kofia ni kitu gani hata ifichiwe aliyeishona? Na ikiwa yeye mwenyewe hapendi kutajwa, aulizwe na aheshimiwe. Lakini aulizwe.

Jambo lenyewe si zito. Katika mashindano mengi ya mifarishi ya siku hizi huko ng’ambo, kipande cha kitambaa chenye jina la mshonaji hushonwa nyuma ya kazi. Na ikiwa mmoja aliviunganisha viraka na mwingine aliukaza mfarishi kwa mshono, wote wawili huandikwa. Basi nasi kikaratasi chetu kiwe na mistari mitatu: aliyeichora kofia, aliyeishona, na aliyeileta. Vivyo hivyo kwa mikeka na kwa kila kazi ya mkono. Wenye maonyesho wasipokee kitu kisicho na mistari hiyo, kama vile mwanachuoni asivyopokea neno lisilo na sanadi. Na wewe mnunuzi unayeitafuta kofia ya Idi, kabla ya kuuliza bei, uliza ni mkono wa nani.

Wazee wetu walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema chanda kishone, kisha pete avikwe aliyesimama kando. Mamangu mkubwa amekwisha kwenda zake, na ile kofia siijui iliko. Lakini akina mama wangalipo uani wanashona, na maonyesho mengine yatafanywa. Nitakwenda, inshallah, na nitainama kukisoma kikaratasi.