TONE CHINI YA MOTAKAA



Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za tone la oili lionekanalo chini ya motakaa. Si kila nyumba yenye motakaa, lakini walio nazo kati yetu wengi wana zile kuukuu, zilizokwisha kutumiwa na wengine kabla ya kutufikia, nazo huvuja. Tena nina sababu nyingine ya kuandika: kwa ajili ya tone hili nilimkosea mtu.

Motakaa niendayo nayo kuzuru makanisa ya vijijini ilibadilishwa oili na kijana mmoja jirani yangu, ambaye anajifunza ufundi. Baada ya siku chache nikaona doa jeusi chini yake, mahali penyewe pa kizibo cha kutolea oili. Sikuuliza wala sikuchungua. Nikamwita yule kijana, nikamkemea mbele ya watu, nikasema, "Hukukaza kizibo, nawe ungeniulia injini." Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, nilikikaza." Sikumsadiki, nikamzuilia ujira wake. Kisha nikatwaa spana, nikakaza mwenyewe kwa nguvu zangu zote. Asubuhi yake doa likawapo vilevile.

Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja mzee. Yeye hakushika spana, aliuliza neno moja tu: "Mwalimu, umeiosha injini?" Nikasema, "La, kwani uchafu ndio uvujao?" Akacheka, akasema, "Oili huteremka kama maji ya mlimani. Wewe umeona mto unapoingia ziwani. Sasa nenda ukatafute chemchemi."

Basi nayaandika hapa aliyonifundisha.

Kwanza, jua kilichovuja. Simamisha motakaa mahali pa sawasawa, utandike boksi safi la karatasi chini yake usiku kucha. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi, nayo huteleza vidoleni. Maji ya rejeta mara nyingi yana rangi ya kijani au nyekundu, wala hayashiki kama mafuta. Ukiona majimaji mepesi karibu na gurudumu, huenda yakawa ya breki: usiiendeshe motakaa hata kidogo mpaka fundi aitazame.

Pili, pima oili. Zima injini, ngoja dakika kumi, vuta kijiti cha kupimia, ukifute, ukirudishe mpaka mwisho, ukivute tena. Oili na iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo, wala usipite alama ya juu. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama mara moja uzime injini, hata kama kengele ya ibada imekwisha kulia. Injini ikikosa oili, chuma husaga chuma, na kwa dakika chache tu yaweza kufa.

Tatu, osha. Injini ikiwa imepoa, ipake sabuni ya kuondolea mafuta, uisugue kwa brashi, uifute mpaka ikauke. Ila jihadhari usimwagie maji nyaya za umeme. Kisha nyunyiza poda ya watoto juu ya maungio yote unayoyashuku. Washa injini kwa robo saa, uizime, utazame kwa tochi, ukianzia juu na kushuka chini. Pale poda ilipolowa kwanza, pa juu kuliko pengine pote, ndipo penye chemchemi. Kumbuka pia kwamba motakaa ikienda mbio, upepo huisukuma oili nyuma. Kwa hiyo tone laweza kudondoka mbali na chanzo chake.

Mahali panapovuja mara nyingi ni hapa: gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, chujio la oili, hasa pete ya mpira ya zamani ikisahauliwa ndani na mpya ikawekwa juu yake, pete ya kizibo cha chini, gasketi ya sampu, na sili za mbele na nyuma za mhimili mkuu. Sili ya nyuma ni kazi ya fundi, kwani mara nyingi hapana budi kushusha giaboksi. Tena tazama lile bomba ambalo injini hupumulia. Likiziba, mvuke hukosa njia, nao husukuma oili katika kila ungio. Utabadilisha gasketi leo, na kesho itavuja tena.

Kwangu mimi poda ililowa juu kabisa, kwa nyuma, chini ya kifuniko cha juu. Gasketi yake ilikuwa imekauka kama ganda la mti. Oili ilikuwa ikishuka nyuma ya injini, ikafuata ukingo wa sampu mpaka kwenye kizibo, ndipo ikadondoka. Kijana alikuwa amekaza vema. Aliyeharibu ni mimi: kwa nguvu zangu nilikuwa nimeipondaponda pete ya kizibo, nikabakiza kidogo tu kuzikata hesi zake.

Kubadilisha gasketi hiyo si kazi ya kutisha. Injini iwe baridi. Kila waya na kila bomba unaloliondoa, litie alama. Legeza bolti kidogo kidogo, ukianzia pembeni kuelekea katikati. Bandua gasketi ya zamani kwa kijiti cha mti, si kwa kisu, nawe uangalie kipande kisianguke ndani ya injini. Safisha nyuso zote mbili mpaka zing'ae, uweke gasketi mpya. Kaza bolti zote kwa mkono kwanza, kisha kwa spana, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa zamu. Usikaze kwa hasira. Bolti hizi hutaka nguvu ndogo tu, kama kitabu cha motakaa kisemavyo. Ukizidisha, kifuniko hupinda na oili hutoka kuliko kwanza.

Nawasihi tena juu ya mambo mawili. Usiingie kamwe chini ya motakaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake, wala kwa mawe au matofali. Tumia vigingi vya chuma vilivyofanywa kwa kazi hiyo, na magurudumu yaliyo chini yazuie kwa kabari. Na oili chafu usiimwage ardhini. Ikusanye katika debe ukampe fundi aipokeaye. Tone huingia udongoni, na kisima ni cha watu wote.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mimi nilijifunza kwamba kabla ya kuziba, imempasa mtu kuujua ufa ulipo. Nyumbani mwetu mara ngapi tunamshika yule ambaye tone limeanguka miguuni pake? Mtoto amevunja chungu, mke ameunguza ugali, mwanafunzi amechelewa: twapiga kelele pale pale, wala hatuinui macho kutazama juu.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, nilimwita yule kijana mbele ya watu wale wale waliosikia nikimkemea. Nikawaambia yote, nikampa ujira wake, nikamwomba msamaha. Alitazama chini kitambo, akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Kisha akaniuliza kama pete ya kizibo nimekwisha kuinunua, kwa maana alitaka kuitia yeye mwenyewe. Akaitia, nami nilisimama kando nikamshikia tochi.

Ni mimi ndugu yenu katika Bwana,
Mwalimu.