Mashauri ya Motakaa: Kiwanda Kikifungwa, Vipuri Hutoka Wapi?

Mtu anunuapo motakaa hutazama injini, viti, rangi na bei. Ni wachache waulizao kama kiwanda kilichoitengeneza kitakuwapo baada ya miaka kumi. Walakini kiwanda huweza kufilisika kama afilisikavyo mwenye duka, na siku kinapofungwa, motakaa zake hazifi pamoja nacho. Hubaki barabarani, nazo huendelea kula breki, plagi na beringi kama desturi. Hapo ndipo mwenyewe huanza kuhangaika.

Mfano mzuri wa jambo hili ni motakaa za Saab za nchi ya Uswidi. Jina hilo si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1964, katika mashindano ya East African Safari, dereva wa Uswidi aitwaye Erik Carlsson aliendesha Saab 96, motakaa ndogo yenye injini ya silinda tatu tu, akashika nafasi ya pili mbele ya motakaa nyingi zilizoizidi kwa nguvu.

Kampani iliyoanzisha motakaa hizo ilikuwa ya eropleni, nayo iliundwa mwaka 1937. Motakaa ya kwanza ya kuuzwa, Saab 92, ilianza kutengenezwa katika mji wa Trollhättan mwishoni mwa mwaka 1949. Baadaye kazi ya motakaa ilitengwa na kazi ya eropleni, ikaingia mkononi mwa General Motors ya Marekani: kwanza nusu yake, kisha yote mwaka 2000. Mwaka 2010 iliuzwa kwa kampani ndogo ya Uholanzi iitwayo Spyker, na tarehe 19 Disemba 2011 ikafilisika. Watu zaidi ya 3,000 walipoteza kazi. Wengine walikinunua kiwanda mwaka 2012, wakatengeneza motakaa chache mpaka mwaka 2014, kisha kazi ikakoma. Kampani ya eropleni ingalipo, lakini mwenye motakaa akiiandikia barua kuuliza breki, atakuwa amebisha hodi katika nyumba isiyo yake.

Vipuri vya Saab viliokolewa na deni. Kampani ya vipuri, yenye ghala katika mji wa Nyköping, ilikuwa imewekwa rehani kwa serikali ya Uswidi, kwa kuwa serikali hiyo iliudhamini mkopo uliotoka katika Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kiwanda kilipofilisika, serikali ilichukua rehani yake. Mwaka 2013 kampani hiyo ilipewa jina la Orio, ikaendelea kuuza vipuri vilivyokuwa ghalani na kuagiza vingine vitengenezwe upya. Serikali ilikaa nayo kwa miaka kadhaa, kisha ikaiuza kwa wafanya biashara. Si kila kiwanda kinachokufa huacha ghala la namna hiyo.

Basi mwenye motakaa ya jinsi hii yampasa kujua kanuni moja, ambayo huwashangaza wengi: kinachochakaa upesi hupatikana, kisichochakaa ndicho huadimika. Pedi za breki, plagi, beringi, mikanda, chujio za mafuta na mipira ya rejeta hununuliwa kila mwaka na maelfu ya watu. Tena viwanda vya motakaa havitengenezi vitu hivyo vyenyewe, bali huvinunua kwa kampani nyingine. Beringi huenda ikawa ya SKF, na vyombo vya kuingiza petroli katika injini vikawa vya Bosch. Kampani hizo hazikufa, na maadamu wanunuzi wapo, vitu hivyo vitaendelea kuuzwa. Lakini taa ya mbele, kioo, mlango, bampa na dashibodi havichakai. Huvunjika kwa ajali tu. Vilitoka katika kalibu za kiwanda kile kile, na wanaovitaka ni wachache. Kwa hiyo mtu mwenye busara haogopi sana breki zake kwisha. Huogopa zaidi kugonga ng'ombe usiku.

Jambo la pili ni kujua undugu wa motakaa. Saab 96 ya miaka ya mwanzo ilikuwa na injini yake yenyewe, lakini tangu mwaka 1967 ilitiwa injini ya V4 iliyotengenezwa na Ford ya Ujerumani. Injini ya kwanza ya Saab 99 ilitoka kwa Triumph ya Uingereza. Saab 9-3 iliyotoka mwaka 2002 ilijengwa juu ya msingi mmoja na Opel Vectra, maana zote zilikuwa watoto wa General Motors. Kwa sababu hiyo kipuri kisichopatikana kwa jina la Saab huenda kikapatikana kwa jina la ndugu yake, tena kwa bei nafuu zaidi.

Lakini undugu si sawa na upacha. Vitu viwili huweza kufanana machoni na kuhitilafiana kwa upana wa ukucha, na katika breki au usukani tofauti hiyo yatosha kuua mtu. Mwenye motakaa asiende dukani na maneno matupu kama "nataka ile ya upande wa kushoto". Na aende na namba ya chesisi, ambayo kwa motakaa za siku hizi ina herufi na tarakimu 17, pamoja na namba iliyoandikwa juu ya kipuri chenyewe. Akiweza, achukue na kipuri kilichoharibika ili vilinganishwe. Aandike namba hizo katika daftari, na daftari likae nyumbani, si ndani ya motakaa.

Tatu, ni fundi wa kukereza vyuma. Mtu mwenye mashine nzuri na mkono mtulivu aweza kutengeneza bushi, pini, au kishikio kilichovunjika, na kazi yake ikadumu kuliko ya kiwandani. Mafundi wa jua kali katika miji ya Kenya wamewarudisha wengi barabarani kwa njia hiyo. Hata hivyo kuna mpaka. Sehemu za usukani, za breki na za kushikilia magurudumu si za kuchomelea wala za kubahatisha, kwa sababu chuma cha sehemu hizo huchaguliwa na kupikwa kwa moto kwa namna maalum, na ufa wake wa ndani hauonekani kwa macho.

Nne, ni vyombo vya umeme. Katika Saab za miaka ya 2000, baadhi ya vyombo hivyo vimefungwa kwa siri na motakaa moja tu. Mtu akitoa chombo cha namna hiyo katika motakaa iliyokufa na kukitia katika yake, injini haitawaka mpaka fundi mwenye chombo cha kupimia kiitwacho Tech 2 avipatanishe. Kabla ya kununua kitu cha umeme kilichotumika, ni lazima kwanza kumtafuta fundi huyo. Anayenunua kwanza na kumtafuta fundi baadaye hutupa fedha.

Tano, ni akiba. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini motakaa iliyotumika ambayo umri wake umezidi miaka minane. Kwa hiyo Saab zilizobaki hapa hazitazamiwi kuongezeka. Mwenye nayo akisikia kwamba nyingine ya aina ile ile inauzwa kwa kuwa imepata ajali, huenda ikamfaa kuinunua nzima, hasa kama imeharibika nyuma na yake ni dhaifu mbele. Taa, vioo na milango aiweke mahali pakavu. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa chuma na kioo walisema kweli. Lakini mpira huoza hata usipotumika. Bomba la breki au sili iliyokaa rafuni miaka ishirini ni kuukuu, ijapokuwa ingali ndani ya karatasi yake. Mpira ununuliwe mpya wakati wa haja.

Tena wenye Saab katika Uswidi, Uingereza, Uholanzi na Marekani wamejiunga katika vyama, nao huuziana vipuri na kupashana habari. Mtu mmoja hawezi kumwomba mwenye kiwanda amtengenezee kitu kimoja, lakini watu mia wakiungana, mwenye kiwanda atawasikiliza. Wakulima waliokwisha kuuza kahawa au maziwa kwa njia ya ushirika hawana haja ya kufundishwa jambo hilo.

Yabaki swali la mwisho: je, yafaa kununua motakaa ya kiwanda kilichokufa? Kwa mtu ambaye kazi yake yote hutegemea motakaa moja, anayepeleka mboga sokoni alfajiri au wagonjwa hospitali, haifai. Siku kumi za kungoja kifurushi kutoka ng'ambo zaweza kumla faida ya miezi mitatu. Kwa mtu mwenye subira, mwenye njia nyingine ya kusafiri na fundi aaminikaye, yaweza kufaa, maana motakaa hizo huuzwa kwa bei ya chini. Lakini huo unafuu wa bei si zawadi. Ni malipo ya mapema ya taabu itakayokuja, na mwenye akili huyaweka kando, akayangojea matengenezo.