Piano na Pembe

Katika Little Women, riwaya aliyoichapisha Louisa May Alcott mwaka 1868, mzee jirani anampa Beth piano. Beth ni msichana mwenye haya nyingi, asiyethubutu kuzungumza na wageni, lakini kwa furaha ya siku hiyo anakwenda mwenyewe hadi kwa mzee kumshukuru. Wengi wetu tumeipenda sura hiyo, na kwa haki. Alcott aliijua jamii yake: familia ya Massachusetts iliyofilisika lakini yenye heshima zake, baba yuko vitani, mabinti wanashona huku wakiota makuu.

Kuna jambo moja ambalo sura hiyo haigusi. Vibao vyeupe vya piano za enzi hiyo vilifunikwa kwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilipitia Zanzibar. Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, waliwekeana mkataba wa biashara mwaka 1833. Merikebu za Salem zikawa zinashusha merikani, kitambaa kilichofumwa kwa pamba ya mashamba ya watumwa wa Kusini, na kupakia pembe za kupelekwa Connecticut kukatwa vibao. Na miongoni mwa waliozifikisha pembe pwani, kwa miguu, kuvuka nyika ya Taru hadi Mombasa, walikuwa Wakamba.

Toleo hili linatetea msimamo mmoja: kitabu huonyesha jamii yake kwa kadiri ya aliyeshika kalamu. Wanafunzi wetu wa hapa Tulia, Ukambani, na wenzao wa Kitui na Makueni kote, hukariri kwamba fasihi ni kioo cha jamii, wakaishia hapo. Waulizwe pia kioo kimeshikwa na nani.

Frederick Douglass aliliona hilo mapema. Katika tawasifu yake ya mwaka 1845 anasimulia utoto wa utumwani Maryland, akilala sakafuni wakati wa baridi kichwa kikiwa ndani ya gunia la mahindi. Miguu yake ilipasuka kwa baridi, na anasema kalamu anayoandikia ingeweza kulazwa ndani ya nyufa hizo. Mwaka 1852 Harriet Beecher Stowe alitoa Uncle Tom's Cabin, riwaya ya kupinga utumwa, nakala zipatazo 300,000 zikauzwa Marekani katika mwaka wa kwanza. Stowe aliwaliza watu, na kilio hicho kilisaidia. Hata hivyo ni Douglass aliyejua gunia lilivyo.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1851, Mmarekani Herman Melville alipochapisha riwaya ya Moby-Dick, Kivoi, tajiri wa pembe wa Kitui, aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Mgeni wake, mmisionari Ludwig Krapf, aliponea chupuchupu, na alivyoteseka njiani tunajua kinaganaga: alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Tunajua kwa sababu aliandika. Wapagazi wa Kivoi nao walikuwa na kiu, na katika kitabu cha Krapf kiu yao haina msimuliaji.

Sisemi kwamba Ukambani ulikuwa bubu. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikusanya hadithi zetu akazitoa kama Akamba Stories mwaka 1966. David Maillu wa Makueni aliandika After 4.30 mwaka 1974, akawapa sauti wanawake wa ofisi za Nairobi. Wahakiki walimkemea, wasomaji wakamng'ang'ania. Lakini riwaya ya msafara wa pembe, iliyosimuliwa na aliyebeba, bado naingoja.

Ndiyo maana kurasa zinazofuata zinawaweka Alcott, Stowe, Melville na Douglass mbele ya wasomaji wa huku, nasi tumewaomba wasome wakiwa na Kivoi akilini. Nusu ya pili ya toleo ni masimulizi ya safari za wahenga, kama yalivyosimuliwa na wazee. Hatukuyasawazisha. Yanapopingana, tumeyaacha yapingane.