Nani alisema mkimbizi hachagui?

Leo naandika marefu kidogo, mnivumilie, juu maneno ya juma hili kwenye group yamenichoma.

Kwa wale ambao hawakufuata: kuko kompyuta moja kubwa tunataka kuletewa kado. Ni Power Mac G5, ile ya sanduku la alumini, ya aina inayopozwa kwa maji. Inawaka, inakaa dakika chache, inapata moto, feni zinapiga kelele kama ndege inataka kuruka, halafu inazimika. Anayeitoa anasema ikipata fundi mzuri itatufaa miaka mingi. Sisi tunaombwa tu usafiri na pesa ya fundi, itoke katika mchango wetu. Niliuliza swali moja: nani ameifungua akaangalia ndani? Jibu nililopata: "Mkimbizi hachagui." Na watu wakaweka dole gumba!

Tuanze na mashine yenyewe, maana naona wengi wanapenda neno "maji" bila kujua ni nini. Apple ilitoa aina hiyo mwaka 2004, ikiwa na prosesa mbili za gigahezi 2.5. Mwaka 2005 ikaja ya gigahezi 2.7, na mwisho wa mwaka huo ile inayoitwa Quad. Prosesa zile zilikuwa zinatoa joto jingi sana, ndiyo maana wakaziwekea mfumo kama wa gari: pampu, mipira, rejeta, na kulanti inayozunguka. Mwaka 2006 kampuni ikahamia prosesa za Intel, na hadithi ya mashine hizo ikaisha. Hesabu mwenyewe: mipira na sili za ndani zina karibu miaka ishirini. Hata mpira wa kichwa cha bomba la maji hapa nyumbani hauishi hivyo.

Na ugonjwa wa mashine hizo unajulikana dunia nzima. Kulanti inavuja, inashuka chini, inakula mazabodi na pawa saplai. Haivuji kwa siku moja kama ndoo iliyotoboka. Inatoka polepole, inakauka, inaacha ukoko wa rangi kijani au weupe, na wewe huko nje unaona tu kwamba feni zimeanza kelele.

Sasa mtu aliandika kwenye group: "Tuongeze maji tu." Ndugu yangu, maji gani? Ya bomba? Ya Nyamwamba? Kulanti ile haikuwa maji matupu. Ni maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Maji yetu yana madini, yakikutana na chuma ndani ya mfumo uliofungwa yanaanza kula. Tena mfumo ule haukuwekewa kifuniko cha kujazia kama rejeta ya Fuso. Kuujaza upya ni kuutoa wote, kuufungua, kusafisha matope ndani, kubadilisha sili zote, kujaza bila kuacha hewa, na kuuacha siku kadhaa juu ya karatasi kavu ukiangalia kama kuko tone. Mwenye kusema "tuongeze maji" anataka kuunganisha maji na umeme wa volti 240 katika chumba ambamo watoto wetu wanakaa. Hapo sicheki.

Mwingine akasema tufungue ubavu wa sanduku tuweke feni ya mezani. Hiyo nayo inaonyesha hatujaijua. Ndani ya G5 hewa imegawanywa katika njia nne, kila moja na feni zake, na kuko bamba la plastiki nyeupe inayopenya mwanga linalofunga zile njia. Ukiliondoa, mashine inajua, na feni zote zinapanda juu kabisa. Inawezekana, na ninasema inawezekana, kwamba kelele yote tunayoambiwa ni juu ya bamba lililopotea! Ndiyo maana niliuliza nani amefungua. Swali lile halikuwa dharau. Lilikuwa swali la fundi.

Fundi anaanza hivi. Umeme umechomolewa, anapiga tochi chini ya prosesa na kwenye kona ya pawa saplai kutafuta ukoko. Akiukuta, haiwashi tena, kazi imeishia hapo. Akikuta pakavu, anatoa vumbi la rejeta, maana vumbi likijaa pale hata pampu nzima haisaidii. Halafu anawasha na kusoma joto la kila prosesa, kuko programu za bure za kuonyesha. Moja ikiwa na moto sana na nyingine iko sawa, basi njia ya upande ule imeziba, au ile pasta ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo imekauka. Zote mbili zikipanda pamoja, mtuhumiwa ni pampu au kulanti iliyopungua. Na hata akitengeneza vizuri, akibadilisha prosesa kuko programu maalum ya kiwanda ya kupima upya joto. Bila hiyo feni zitaendelea kupiga kelele na mtasema fundi ni mwizi.

Kazi hiyo yote, sehemu ya kwanza haihitaji hata silingi moja. Tochi na bisibisi. Anayetoa kado angeweza kuifanya kwa nusu saa na kutupigia picha. Hakuifanya. Sisi pia hatukumwomba, juu tuliogopa kuonekana hatuna shukrani. Hapo ndipo hasira yangu iko. Mashine ya zamani haina kosa, imezeeka tu.

Kuko kitu kingine hatukisemi. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unahusu taka za hatari kuvuka mipaka, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za vifaa vya umeme, mbovu sana na mbovu kidogo, haziruhusiwi kutumwa bila nchi inayopokea kukubali kwanza. Miongozo ya mkataba huo inataka kifaa kilichotumika kipimwe, kionekane kinafanya kazi, kabla ya kuitwa bidhaa na si taka. Uganda nayo ina sera yake ya taka za elektroniki tangu 2012. Kwa hiyo kuuliza "imepimwa?" si kiburi cha mkimbizi. Ni swali ambalo hata mtu wa forodha ana haki ya kuuliza.

Najua mtaniambia juu ya Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya kule juu, mgodi ukafungwa, na lile rundo la mabaki lililoachwa hapa chini baadaye likatolewa kobalti. Taka ikawa mali, ndiyo. Lakini walijenga kiwanda kizima kwa kazi hiyo. Na mabaki yaliyobaki, kila Nyamwamba inapofurika, nani anaishi nayo? Wenye shaba walikwisha kwenda zamani.

Sasa tufanye kwamba imetengenezwa, imepoa, iko kimya. Itatufanyia nini? Toleo la mwisho la mfumo wa Apple kwa prosesa zile ni la 2007. Tovuti nyingi za leo hazitafunguka vizuri. Fomu ya DAFI kwa wale wanaotafuta chuo, utaijazia wapi? Kuko Linux ya PowerPC, nakubali, na kijana anayependa mchezo huo nitamsifu. Lakini chumba chetu si makumbusho. Pawa saplai ya zile za prosesa mbili ni ya wati 600, wakati laptopu ya kawaida inakula kama 65. Nani atalipa Yaka? Na kumbukeni, maji hayapozi chini ya joto la chumba. Rejeta inatupa joto katika hewa iliyopo. Chini ya mabati ya Kasese saa nane mchana, hewa iliyopo munaijua.

Sisi hatuko Kyaka II wala Rwamwanja. Wengi wetu tulivuka Mpondwe tukapanga vyumba hapa, au tukapokelewa na ndugu wanaosema lugha yetu upande huu, na hatupati posho. Mchango ule ni pesa ya dada anayeuza ndizi sokoni Lhubiriha siku ya soko, ya kijana anayebeba mizigo. Tumeuweka miezi mingi. Kuutoa kwa mzigo wa kilo ishirini ambao hakuna mtu ameupiga tochi, halafu kunyamazishana kwa neno "hachagui," hapana.

Mtu aliyekimbia alichagua tayari. Alichagua abebe nini na aache nini, usiku, kwa haraka. Msimwambie leo hawezi kuchagua kompyuta.

Pendekezo langu kwa kikao cha Jumamosi: katibu aandike barua ya heshima, aombe picha tatu za ndani, chini ya prosesa, pawa saplai na lile bamba la plastiki, pamoja na joto la kila prosesa baada ya dakika tano. Pakiwa pakavu na tatizo ni vumbi au bamba, na usafiri akilipa mwenyewe, nitakuja na bisibisi yangu, tuifungue pamoja kama somo, wadogo wajifunze. Pakiwa na ukoko, tumwambie asante, aipeleke kwa wanaochambua taka hizo huko iliko. Pesa ya mchango isiguswe kwa vyovyote. Kuna laptopu mbili zetu zinazozimika kila mchana kwa vumbi na pasta iliyokauka. Tuanze na hizo.

Kura yangu munaijua tayari. Asiyekubali aje na picha.