Saa ya kura si saa ya biashara

Watu wengi hudhani kwamba Marekani ina mashirika machache ya televisheni yanayotangaza nchi nzima kwa pamoja. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Mashirika makuu, yaani NBC, CBS, ABC na Fox, hayamiliki sehemu kubwa ya stesheni zinazorusha vipindi vyake. Leseni hutolewa na Tume ya Mawasiliano ya Serikali Kuu, iliyoundwa mwaka 1934, nayo hupewa stesheni moja moja. Shirika kuu humiliki stesheni katika baadhi ya miji mikubwa kama New York, Chicago na Los Angeles; kwingineko hutegemea stesheni za matajiri wengine walioingia mkataba nalo.

Kinachouzwa na kununuliwa katika mkataba huo ni saa. Stesheni hutoa saa zake, hasa zile za usiku ambapo watu wengi wamekwisha kurudi majumbani. Shirika hutoa vipindi, na katikati ya vipindi huuza dakika kwa makampuni yenye sabuni, magari na dawa za kutangaza. Dakika chache huachiwa stesheni iziuze yenyewe. Zamani shirika ndilo lililoilipa stesheni. Siku hizi mara nyingi stesheni ndiyo inayolipa. Saa ambazo shirika halikuzichukua hujazwa na vipindi vya wachuuzi, ambao huuza kipindi kimoja kwa stesheni nyingi, kila mji kwa mkataba wake. Ndivyo kilivyoenea kipindi cha Oprah Winfrey kati ya mwaka 1986 na 2011: mji mmoja ulikiona asubuhi, mwingine alasiri.

Lakini jua halitii mkataba. Ukiacha Alaska na Hawaii, nchi hiyo imegawanyika katika majira manne ya saa. New York ikiwa saa mbili usiku, Los Angeles ni saa kumi na moja jioni. Bepari hakubali kipindi cha gharama kubwa kionyeshwe California wakati wanunuzi wa sabuni yake wangali njiani kutoka kazini. Kwa hiyo ilitafutwa njia ya kuchelewesha. Tarehe 30 Novemba 1956 CBS ilitumia mkanda wa video kuirudia taarifa ya habari kwa ajili ya pwani ya magharibi, na baada ya muda si mrefu utaratibu huo ukawa wa kawaida. Mashariki hutazama saa mbili, magharibi nako hutazama saa mbili yake. Majimbo ya kati hupokea pamoja na mashariki, ndiyo maana huko usiku wa televisheni huanza saa moja.

Hadi hapo hakuna aliyedhurika. Mchezo wa kuchekesha ukicheleweshwa saa tatu hauozi. Dhara huanza pale mitambo hiyo hiyo inaposhika jambo la taifa.

Tarehe 4 Novemba 1980, saa mbili na robo usiku ya New York, NBC ilitangaza kwamba Ronald Reagan ameshinda urais. California ilikuwa saa kumi na moja na robo jioni, na vituo vya kura vilikuwa vifungwe saa mbili usiku. Rais Jimmy Carter naye akakubali kushindwa kabla ya saa moja usiku ya huko. Mbunge James Corman wa California alikosa kiti chake kwa kura zisizofika 1,000. Wataalamu hawajaafikiana ni wapiga kura wangapi waliobaki nyumbani, lakini hapana shaka kwamba mamilioni waliambiwa mwisho wa shauri ambalo wao walikuwa hawajaulizwa.

Mwaka 1985 mashirika yaliahidi kutotangaza matokeo ya jimbo lolote kabla vituo vyake havijafungwa. Ahadi hiyo iliteleza tarehe 7 Novemba 2000 katika Florida, jimbo lenye majira mawili ya saa. Al Gore alitangazwa mshindi wa jimbo hilo wakati watu wa magharibi yake walikuwa bado wanapiga kura. Baadaye tangazo likafutwa, na mwishowe jimbo likaamuliwa kwa kura 537.

Watetezi wa mashirika husema kwamba ukweli haufichwi, na kwamba kuuzuia ni kuua uhuru wa habari. Hoja hiyo ina uzito kwa kura zilizokwisha kuhesabiwa. Lakini kilichotangazwa jioni ile ya 1980, na tena 2000, kilikuwa makisio, na haraka yake ilitokana na ushindani: atanguliaye huvuta watazamaji, na watazamaji huvuta matangazo ya biashara. Shirika linaloweza kungoja saa tatu kwa ajili ya muuza sabuni litashindwaje kungoja saa hizo hizo kwa ajili ya mpiga kura?

Dawa inajulikana. Katika miaka ya 1980 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kufunga vituo vyote vya bara kwa wakati mmoja, lakini haukufikia kuwa sheria. Hapana budi ufufuliwe. Mwenye stesheni na auze saa zake apendavyo; saa ya kura ni mali ya mwananchi, awe mashariki au magharibi, nayo haina bei.